Shukrani kwa Mwalimu Asiyekusahihisha Tena

  



Jarida letu halikosi kila mwaka ukurasa wa picha za vijana wetu waliokwenda mbele kimasomo. Miaka ya karibuni wengi wa waliopita katika madrasa hii wamejiunga na vyuo vya ualimu. Wapo waliokwenda Nkrumah pale Beit el Ras, ambako siku hizi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wapo waliokwenda Chuo cha Kiislamu Mazizini. Wapo waliokwenda Chukwani, chuo kilichoanza mwaka 1998 kwa kazi ya kutayarisha walimu na ambacho leo kinaitwa kwa jina la marehemu Dk. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait. Wakirudi likizo hutuletea picha za mahafali: wamevaa majoho, wamemzunguka mkufunzi wao, naye ameshika boksi lililofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Ni picha nzuri. Sisi walimu tunafurahi kuziona, na wazazi wanafurahi zaidi yetu.

Mimi lakini kila nikizitazama huwa najiuliza: shukrani hii ilianza lini, na itaendelea mpaka lini?

Rai yangu naisema mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta. Shukrani anayopewa mkufunzi wakati bado karatasi yako ya mtihani iko mkononi mwake ni shukrani yenye mashaka, hata kama moyo wa mtoaji ni safi. Shukrani isiyo na mashaka huanza siku ambayo mwalimu hana tena alama ya kukupa wala kukunyima. Na hiyo ya pili ndiyo iliyo chache.

Mtu anaweza kusema, kwani vyuo vya ualimu vina nini hata tuviseme peke yake? Mbona wanafunzi wa udaktari na wa sheria nao huwapa walimu wao zawadi? Ni kweli. Lakini daktari humshukuru mwalimu wake kisha akaenda kutibu wagonjwa. Mwanafunzi wa ualimu humshukuru mwalimu wake kisha akaenda kuwa yeye. Namna anavyomtendea mkufunzi wake leo ndiyo namna atakayotaka kutendewa na watoto wetu kesho. Kwa hiyo mambo haya si ya ndani ya uzio wa chuo tu, bali yanamhusu kila mzazi mwenye mtoto darasani.

Waliosoma ualimu wanayajua mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi hupelekwa skuli, akapewa darasa na vipindi, akaandika azimio la kazi na andalio la somo, akatengeneza zana zake kwa maboksi na kalamu za rangi. Siku mkufunzi anapokuja hukaa kiti cha nyuma na fomu yake, akaangalia kila kitu: sauti, ubao, maswali, wakati, mpaka namna unavyomjibu mtoto aliyekosea. Dakika arobaini zile zina uzito mkubwa, na mwanafunzi hutokwa na jasho hata kama mvua inanyesha.

Nilipokuwa masomoni, katika chuo ambacho sitakitaja, palikuwa na desturi iliyoitwa "kumshukuru mkufunzi". Kila kundi la mazoezi lilichanga fedha kabla ya mkufunzi kufika. Ikatayarishwa chai ya peke yake, kuku, wakati mwengine na bahasha ya nauli. Hakuna aliyeiita rushwa. Iliitwa heshima, na kwa wengine hasa ilikuwa heshima. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi, hakuwa na cha kuchanga, akakopa kwa muuza duka. Deni lile alilipa kwa miezi miwili kwa kula mlo mmoja. Alikuwa ndiye anayefundisha hesabu vizuri kuliko sote kundini, na hakuhitaji kuku wa mtu yeyote ili apasi. Lakini aliogopa jina lake lisije likaonekana halimo kwenye orodha ya waliochanga.

Ninaiona dhulma hapa kwa watu watatu. Wa kwanza ni yule kijana maskini. Wa pili ni mkufunzi mwenyewe, tena yule mwaminifu. Akikataa ataambiwa ana kiburi na amewavunja watoto wa watu. Akipokea, moyo wake hautulii, maana alama atakayoiandika hata ikiwa ya haki itatazamwa kwa jicho la kuku. Wa tatu hayupo hata pale. Ni mtoto wa darasa la tatu katika skuli fulani ya shamba, ambaye miaka miwili baadaye ataletewa mwalimu aliyepita kwa chai. Na mwalimu huyo, kwa kuwa alivyofundishwa ndivyo hivyo, naye atangoja chai ya wazazi.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya mwongozo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim tunasimuliwa kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya, akakusanye zaka. Aliporudi aligawa alivyokuja navyo mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama zawadi hizo zingemfuata. Maulamaa wamelitumia tukio hilo kwa kila mwenye dhamana juu ya watu, na mimi sioni sababu ya kumtoa mkufunzi mwenye fomu ya alama mkononi.

Msinifahamu vibaya. Zawadi ni sunna, na Mtume (S.A.W.) amehimiza watu wapeane zawadi kwa kuwa zinaleta mapenzi. Ninachokisema ni wakati wake. Boksi lile lile, kanzu ile ile, akipelekewa mkufunzi baada ya matokeo kubandikwa ukutani, huwa halal safi yenye kuburudisha moyo. Akipelekewa miaka mitano baadaye, nyumbani kwake, akiwa amestaafu, huwa ni kitu ambacho atawaonesha wajukuu.

Na hapa kwetu madrasa je? Tusiwanyooshee kidole watu wa vyuo peke yao. Kila inapokaribia mitihani ya Shaaban, au inapokaribia kuchaguliwa watoto wa kusoma katika hafla ya Maulidi, baadhi yetu walimu tunaanza kuona mafurushi: sukari, tende, vitambaa vya kanzu. Wazazi wanaoleta ni watu wema, na wengine huleta mwaka mzima bila kungoja msimu. Lakini mwalimu ni binadamu. Ukishakula halua ya mtu jana, leo mtoto wake akikosea hukumu ya nuni sakina unaweza kuisikia kama hakukosea. Mimi ningependa madrasa yetu iweke kanuni nyepesi, kwamba zawadi kwa walimu zipokewe baada ya matokeo kutangazwa, na ziwe za walimu wote kwa pamoja. Najua kuna wenzangu hawataipenda rai hii, na kalamu wanazo, waandike katika toleo lijalo.

Sasa tuje kwenye ile shukrani ya pili, iliyo adimu.

Wanafunzi wakubwa wanakijua kisa cha Sayyidna Abdullah bin Abbas (R.A.) na Zayd bin Thabit (R.A.). Zayd ndiye mwandishi wa wahyi, aliyepewa kazi ya kuikusanya Qur'ani katika ukhalifa wa Abubakar (R.A.). Ibn Abbas alikuwa binamu wa Mtume (S.A.W.), mtu wa nyumba tukufu. Pamoja na hayo imesimuliwa kwamba Zayd alipotaka kupanda mnyama wake, Ibn Abbas alimshikia kikuku cha kupandia kama mtumishi. Zayd akamzuia, naye akajibu kuwa hivyo ndivyo walivyofundishwa kuwafanyia wanavyuoni wao. Wengi huishia hapo wanapokisimulia. Lakini kisa kina nusu ya pili: Zayd naye aliutaka mkono wa Ibn Abbas, akaubusu, akasema kuwa na wao wamefundishwa kuwafanyia hivyo watu wa nyumba ya Mtume wao. Heshima ilikwenda na ikarudi. Walimu tunaopenda kubusiwa mikono tuisome na nusu ile ya pili.

Au mtazameni Imam Ahmad bin Hanbal. Alisoma kwa Imam Shafi, na Shafi alifariki mwaka 204 wa Hijra. Ahmad aliishi baada yake zaidi ya miaka 35. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimwombea dua mwalimu wake huyo usiku kwa usiku kwa muda wa miaka thelathini, mpaka mwanawe akamuuliza alikuwa mtu gani huyo Shafi hata ukamwombea hivi. Shafi wakati huo alikuwa kaburini Misri. Hana alama ya kumpa Ahmad, wala cheti, wala pendekezo la kazi.

Na katika kumshukuru mwalimu hakumo kunyamaza mbele ya kosa lake. Imam Shafi alijifunza kwa Imam Malik Madina, akamheshimu heshima ambayo vitabu vimejaa habari zake, na pamoja na hayo akahitalifiana naye katika mas'ala mengi na kuyaandika. Shafi huyo huyo alimwambia Ahmad, mwanafunzi wake, kwamba nyinyi mna ujuzi mkubwa wa hadithi kuliko sisi, basi mkiiona iliyo sahihi tujulisheni tuifuate. Ndiyo maana nawaambia vijana wa vyuo: mkufunzi wako akikosea darasani, kumsahihisha kwa adabu, faraghani, ni kumshukuru. Kumpigia makofi kisha mkamcheka bwenini siko.

Katika ardhi yetu hii pia mifano ipo. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyesomesha watu pale Ukutani mjini Unguja, alikuwa mwanafunzi wa Sayyid Ahmad bin Sumait ingawa umri wao ulikaribiana sana. Hakuona haya kukaa chini ya mtu wa rika lake. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Naye Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), ambaye wengi wetu tunamjua kwa tafsiri yake ya Qur'ani iliyotoka kamili mwaka 1969, alikuwa mwalimu wa skuli miaka mingi kabla ya kuwa Kadhi Mkuu, kwanza Zanzibar kisha Kenya. Pamoja na kazi zake zote alikaa akaandika kitabu juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, kilichotoka Mombasa mwaka 1972. Kitabu hicho kimejaa majina: fulani alisoma kwa nani, akamsomesha nani, akafariki lini. Kijana wa leo akikifungua anaweza kuchoka haraka, maana si hadithi za kusisimua. Mimi nakiona ni barua ndefu ya shukrani. Bila ya mtu kukaa na kuandika, walimu wale wangebaki katika vinywa vya wazee wachache, na wazee hao sasa hawapo.

Nimesema Farsy alikuwa mwalimu wa skuli. Nakumbusha hilo kwa sababu kuna watu wanaosema maneno ya kuudhi juu ya kazi hii, kwamba ualimu ni wa aliyekosa pengine pa kwenda. Mwaka 2006 huko Tanzania Bara, sekondari za kata zilipofunguliwa kwa wingi na vijana wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi ili wajaze mapengo, mitaani waliitwa majina ya kejeli. Watoto waliofundishwa na vijana wale leo ni watu wazima wenye kazi zao. Sijasikia wengi wakirudi kuwatafuta. Na sisi Waislamu tunasoma kwamba baada ya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, mateka wasiokuwa na mali walifanyiwa fidia yao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Answari kuandika. Uhuru wa mtu ulilinganishwa na kazi ya kufundisha watoto. Anayeidharau kazi hii aitafakari bei ile.

Kuna sehemu moja ya maudhui haya inaniuma zaidi, nayo ni ya karibu na mlango wetu.

Neno "chuo" kwa Kiswahili chetu lilikuwa la Qur'ani kabla halijawa la diploma. Mtoto alipelekwa "chuoni" kwa Maalim akiwa na miaka mitano au sita, na mwanachuoni alikuwa mtu wa elimu ya dini. Leo kijana akisema "niko chuo" mtu huuliza chuo gani, na anamaanisha kile chenye kitambulisho. Si vibaya, lugha hukua. Vibaya ni pale chuo cha pili kinapomfanya mtu akione haya chuo cha kwanza.

Mwaka uliopita nilihudhuria harusi katika kijiji kimoja. Tumekaa jamvini, kahawa inapita, kijana mmoja aliyemaliza diploma ya ualimu akaombwa asome Qur'ani. Akasoma vizuri, mashaallah. Mgeni mmoja akamuuliza kasoma kwa nani. Akataja chuo chake na ustadhi wake wa huko. Maalim aliyemfundisha alifu mpaka akamaliza Juzuu Amma alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo, na kofia yake imepauka. Hakusema kitu. Aliendelea kunywa kahawa yake. Waliokuwepo wa kijiji kile wote walitazama chini.

Kijana yule sikumwona kuwa na nia mbaya. Nadhani aliona kwamba kumtaja Maalim wa kijijini asiye na cheti kutamshusha. Basi nataka niseme naye hapa, na wenzake.

Ndugu yangu, chuoni umefundishwa kwamba mwalimu aanze na linalojulikana ndipo aende kwenye lisilojulikana. Maalim wako hakuwahi kuyasikia maneno hayo, lakini alikuanzisha na sura fupi za mwisho wa msahafu, ambazo ulikuwa ukizisikia kwa mama yako na msikitini kabla hujajua herufi. Umefundishwa kwamba mwanafunzi hujifunza zaidi anapomfundisha mwenzake. Maalim wako alikuwa na watoto 60 katika baraza moja, akawapa wakubwa wawasikilize wadogo, na wewe ulikuwa mmoja wa wakubwa hao. Umefundishwa umuhimu wa kumwita mtoto kwa jina lake. Yeye alikujua kwa jina lako, la baba yako, na la nyanya yako. Nusu ya yale uliyoyaandika katika daftari la mbinu za kufundishia ulikuwa umekwisha yaona barazani kwake ukiwa na makamasi.

Yapo pia ambayo hutakiwi kuyachukua. Ule ufito, kwa mfano, mimi sitautetea, wala shukrani haikulazimishi uutetee. Muachie Maalim wema wake, na ufito uuache ukutani.

Na nyinyi wazazi, ambao mimi ni mmoja wenu, hesabu zenu zina maajabu. Ada ya madrasa hii kwa mwezi haifiki bei ya vocha za simu anazotumia baba mmoja kwa wiki, na bado daftari la ada lina nafasi nyingi tupu. Mwalimu wa skuli asipolipwa mwezi mmoja taifa zima litasikia. Maalim wa madrasa akikaa miezi mitatu, tunasema anafanya kwa ajili ya Mungu. Naam, anafanya kwa ajili ya Mungu, lakini duka la unga halimpi kwa bei ya akhera. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo wakaweka desturi ya mtoto kwenda na kitu chake kidogo kila Alhamisi, na mtoto akihitimu Maalim akavishwa kanzu mpya mbele ya watu. Desturi zile zilikuwa na kanuni ya ndani: zilimfikia mwalimu kwa wakati unaojulikana, kwa kila mtoto, si kwa mtoto wa tajiri usiku wa kuamkia mtihani.

Nimefikiri sana juu ya kisa cha Nabii Musa (A.S.) na mja mwema Khidhri katika Suratul Kahf. Tunakisoma kila Ijumaa, na walimu hukitumia kuwafundisha wanafunzi subira: Nabii mkubwa aliyepewa kitabu aliomba ruhusa ya kufuatana na mwalimu, akakubali masharti. Mimi hunivutia zaidi ule ukuta. Waliingia mji ambao watu wake waliwanyima chakula, na Khidhri akausimamisha ukuta uliokuwa unataka kuanguka. Musa akasema angetaka angechukua ujira. Baadaye tukaambiwa kwamba chini ya ukuta ilikuwepo hazina ya mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema. Sasa wale mayatima, walimjua aliyewajengea? Qur'ani haisemi kuwa walirudi kumshukuru. Walikua, wakaichimba hazina yao, wakaendelea na maisha. Walimu wengi wa vyuo vya ualimu wamo katika hali hiyo hasa. Mkufunzi amemfundisha kijana, kijana amekwenda Micheweni au Makunduchi akafundisha watoto mia kwa mwaka, na watoto wale hawatalijua kamwe jina la yule mkufunzi. Akistaafu, anangoja kiinua mgongo chake, anakwenda msikitini polepole kwa mkongojo, na anayempita njiani kwa pikipiki anaweza kuwa ndiye mtoto wa mtoto wa kazi yake.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu mlioko vyuoni, mimi siwaombi mchango. Nawaomba vitu vyepesi ambavyo havina bei dukani. Ukipangiwa skuli ya mbali, nenda. Mkufunzi aliyekufundisha hatafurahi kwa kanzu kama atakavyofurahi akisikia umekaa Tumbatu miaka mitatu na watoto wanajua kusoma. Ukiulizwa umesoma kwa nani, anza kutaja na wa barazani. Ukiwa na mkufunzi wako wa zamani katika simu, mpigie siku ambayo huna haja ya barua ya kukupendekeza kazi. Na ukifika darasani kwako, ukafanya jambo ambalo ulilichukua kwake, waambie watoto: hili nimefundishwa na mwalimu wangu fulani. Watoto hupenda sana kusikia kwamba mwalimu wao naye alikuwa na mwalimu.

Tarehe 5 Oktoba huadhimishwa Siku ya Walimu Duniani. Siku hiyo ilianza kuadhimishwa mwaka 1994, na tarehe yake imetokana na pendekezo la kimataifa juu ya hadhi ya walimu lililopitishwa mwaka 1966. Maskuli na vyama vya walimu hukusanyika, kuna hotuba na fulana. Mimi sina ubaya nayo, ila naona hadhira yake huwa ni walimu wenyewe wakijishukuru wenyewe, na wanafunzi wao wa zamani hawapo.

Kamati ya madrasa imekubali jaribio dogo mwaka huu. Tunataka kuwajua walimu wote waliowahi kusomesha katika madrasa hii tangu ilipofunguliwa, pamoja na wakufunzi wastaafu wanaoishi katika mitaa yetu, kila mmoja anakaa wapi na hali yake ikoje. Vijana waliopo vyuoni watakaporudi likizo ya Idi watagawiwa majina, wawili wawili, waende majumbani kwa watu hao. Waende mikono mitupu ikibidi. Waulize wamesomeshaje, wanakumbuka nini, nani walikuwa walimu wao, na wayaandike. Wazee watatu tuliotaka kuanza nao tayari ni marehemu, Mwenyezi Mungu awarehemu, na katika hao mmoja alifariki mwezi mmoja tu kabla ya kikao chetu.

Daftari liko kwa mwalimu wa zamu, kila siku baada ya Sala ya Alasiri isipokuwa Ijumaa. Mzazi au mwanafunzi yeyote anayejua anapoishi mwalimu mstaafu aje aandike jina na mtaa. Kina mama wanaowajua walimu wanawake waliokuwa wakisomesha majumbani tunawaomba zaidi, kwa sababu hao hawamo katika orodha yoyote tuliyonayo.